Jina la Salme

Visiwani kwetu kina Salma ni wengi, na kina Salima pia. Kina Salme ni wa kuhesabu. Aliyelivumisha jina hili ni binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Mzizi wake ndio ule wa salama. Sisi twaitamka ‘e’ ya mwisho waziwazi, kama ya tele; Mjerumani huififiza hata ikakaribia kupotea. Alipobatizwa Aden mwaka 1867 akawa Emily, na Ruete ni la mumewe, mfanyabiashara wa Hamburg. Kwa jina hilo geni vilitoka kumbukumbu zake mwaka 1886. Basi mzazi amwitaye bintiye Salme, karani akiandika Salma, amrudishie karatasi.