Nani Alimfundisha Kibarua wa Jinja? Usalama kazini tangu enzi za pamba

Pamba ndiyo iliyoleta mashine mashariki mwa Uganda. Kristen Borup wa Uganda Company alisambaza mbegu mwaka 1903, na kufikia miaka ya 1920 viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa vimeenea Busoga, Bukedi na katika tambarare iliyo chini ya mwamba wa Wanale, pale mji wa Mbale ulipochipuka kutokana na makazi ya Semei Kakungulu. Reli ya mwaka 1912, kutoka Jinja hadi Namasagali, ilijengwa kwa kutegemea marobota ya pamba hiyo hiyo.

Kiwanda cha namna hiyo kilitegemea injini moja. Injini ilizungusha mhimili mrefu uliopita juu ya vichwa vya watu, na kwenye mhimili huo ilining'inia mikanda iliyoshuka hadi kwenye kila mashine. Mkanda ukinasa shuka au mkono wa shati, aliye karibu hana pa kuuzimia. Injini iko upande mwingine wa jengo. Ndiyo maana sheria za kale za viwanda zinahimiza sana kuzungushia uzio mikanda na magurudumu. Isitoshe, pamba ni zao la msimu. Kibarua aliajiriwa mavuno yalipoanza na kuachishwa marobota yalipoisha, na msimu uliofuata alikuja mwingine. Aliyejua hatari ya kila mashine alikuwa nyapara, na alichokijua kilipita kwa mdomo tu, tena kama alipata nafasi ya kukisema.

Uingereza kwenyewe sheria ilichukua muda mrefu kuota meno. Wakaguzi wa kwanza wa viwanda waliteuliwa chini ya sheria ya 1833, nao walikuwa wanne tu kwa nchi nzima. Sheria ya viwanda ya Uingereza ya 1937 ndiyo iliyokuwa kielelezo cha makoloni mengi. Kenya na Tanganyika zilitunga zao mwaka 1950, na Uganda nayo ikawa na Sheria ya Viwanda, ile ambayo mawakili wengi huitaja kwa mwaka wa 1964. Katika sheria ya Kenya kuna kifungu ninachokiheshimu sana: mtu asiwekwe kwenye mashine inayoweza kumjeruhi mpaka aelezwe hatari zake zote, na awe amefunzwa vya kutosha au anasimamiwa na mjuzi. Uingereza ilikuwa imeuweka ulinzi huo kwa ajili ya vijana. Afrika Mashariki ukamhusu kila mgeni wa mashine, hata awe na mvi.

Lakini kifungu hakimshiki mtu mkono. Jinja iligundua hilo baada ya tarehe 29 Aprili 1954, siku Malkia Elizabeth wa Pili alipofungua bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale. Umeme ulivuta viwanda kama taa inavyovuta kumbikumbi. Kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile, maarufu kwa jina la Nytil, kilisimama Njeru, ng'ambo ya mto. Mwaka 1956 tanuri la kuyeyushia shaba ya Kilembe lilianza kazi mjini. Kiwanda cha sigara kilikuwepo tangu 1928, na sukari ya Kakira, ya Muljibhai Madhvani, tangu 1930. Watu walimiminika kutoka Busoga, Bugisu, Teso, magharibi mwa Kenya na kwingineko, wengi wakapanga katika mtaa wa Walukuba, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za kuelewana kazini.

Mchumi Walter Elkan wa Makerere aliwachunguza wafanyakazi hawa na kuchapisha kitabu chake mwaka 1960. Alionyesha kwamba wengi walikuwa bado na shamba nyumbani, wakija mjini kwa muda na kurudi. Wachumi walilijadili hilo kama suala la mishahara. Mimi naliona pia kama suala la vidole na macho. Anayekaa miezi minane huondoka pale anapoanza kuizoea mashine, na nafasi yake huchukuliwa na asiyejua kitu. Kiwanda kinachotaka wafanyakazi wawe salama hakina budi kuwafanya wakae.

Pale walipokaa, elimu ilijengeka. Chukua kituo cha umeme. Fundi hagusi mtambo kabla ya kupata kibali cha kazi kilichoandikwa. Swichi inazimwa na kufungwa kwa kufuli, ufunguo unabaki kwa yule atakayeingiza mikono, kisha mtambo unapimwa kuhakikisha hauna umeme. Utaratibu huu hausomwi ukutani ukaeleweka. Unafanywa mara nyingi mbele ya mkubwa wako mpaka mwili unauzoea. Ukumbi wa kufumia nao una mafunzo yake: kelele ya mashine za kufumia huzidi sauti ya binadamu, kwa hiyo onyo lazima litolewe kwa mkono na jicho, na mgeni lazima azifundishwe ishara hizo. Halafu kuna vumbi la pamba, ambalo hubana kifua cha mfanyakazi hasa siku anayorudi kazini baada ya mapumziko, kiasi kwamba asiyeelimishwa hudhani ni mafua ya Jumatatu.

Mnyororo huo wa mkubwa na mdogo ulikatika mwaka 1972. Mwezi Agosti Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na pamoja nao wakaondoka mafundi, wasimamizi na mameneja wa viwanda vingi vya Jinja na Mbale. Mwaka huo huo serikali yake ilitoa Amri ya Mafunzo ya Viwandani, iliyozaa Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani. Kwa hiyo nchi ilipata chombo cha kuwapima mafundi katika mwaka ule ule ilipowapoteza walimu wao. Vipuri vikaadimika. Mashine isiyo na vipuri huendeshwa kwa kuungwaungwa, na kinga yake ndiyo hutolewa kwanza, maana inamchelewesha anayeiunga.

Miaka ya 1990 mashirika ya umma yaliuzwa, Nytil ikiwemo. Viwanda vilifufuka, na vipya vikaja. Kilichopungua ni ajira ya kudumu: kibarua wa siku alirudi, kama enzi za pamba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 ilifuta ile ya zamani, na kwa maandishi ni nzuri. Inamtaka mwajiri atoe maelezo, mafunzo na usimamizi, atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi, na inampa mfanyakazi haki ya kujitenga na hatari. Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani nalo liliyaingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za mfanyakazi.

Wakati huo huo Mbale imebadilika. Tangu 2018 eneo la viwanda la Sino-Uganda limeupa mji huo kazi ambazo wazee wa kahawa na pamba hawakuziota, na vijana wanaoshuka kutoka Wanale huingia humo wakiwa hawajawahi kusimama karibu na mashine. Jinja nako vinu vya chuma huyeyusha chuma chakavu. Hapo maarifa kidogo tu huokoa roho: chuma kilicholowa maji, au mtungi uliozibwa, ukitupwa kwenye tanuri hulipuka na kurusha chuma cha moto. Anayechambua chakavu ndiye anayemlinda anayesimama tanurini, na mara nyingi yeye ndiye mwenye ujira mdogo na mgeni kuliko wote. Nje ya malango, wachomeleaji wa barabarani hujikinga macho kwa miwani ya jua, ambayo haiuzuii mwanga wa kuchomelea. Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani iliwahi kuwapima mafundi wa namna hii kwa ujuzi walioupata kazini na kuwapa hati. Hiyo ilikuwa hatua ya maana, kwa sababu ilimfikia fundi pale alipo.

Sheria ya fidia inasema wazi kwamba mfanyakazi akifa kazini, waliomtegemea hulipwa mshahara wake wa miezi 60. Kibarua wa siku, mshahara wake huo ni kiasi gani? Wenye viwanda wa Jinja na Mbale, kabla ya kumkabidhi mgeni mashine, mpeni saa ya kwanza ya siku yake ya kwanza, mumfundishe kwa lugha anayoielewa, Kiswahili, Lusoga au Lugisu, na muilipe saa hiyo kama kazi. Maofisa wa kazi wa wilaya, mkifika kiwandani, anzeni kwa kumuuliza aliyeajiriwa asubuhi hiyo nani amemfundisha.