UZI: Fensi ya umeme kwa barabara ya Mombasa, historia inasemaje?

1/ Wadau, kila msimu wa kura ukifika, anayepanda jukwaani Voi au Mtito Andei hakosi ahadi hii: fensi ya umeme, ndovu wasionekane tena barabarani. Watu hupiga makofi. Hata mimi nilikuwa napiga.

2/ Kisha usiku mmoja nikitoka Mombasa, basi letu likafunga breki ghafla. Mbele yetu ndovu na mtoto wake, katikati ya lami. Lori lililotoka upande wa pili lilisimama hatua chache tu kutoka kwao. Siku hiyo tulifika nyumbani. Si kila mtu hufika.

3/ Sasa turudi nyuma. Ujenzi wa reli ulifika Tsavo 1898. Mbuga ikatangazwa 1948. Leo reli na barabara kuu zinapita katikati: Tsavo Mashariki huku, Magharibi kule. Kwa hivyo tukisema ndovu "amevamia barabara", tunageuza mambo. Yeye anafuata maji na malisho kama zamani. Sisi ndio tulimkatia njia.

4/ Fensi inasaidia? Ndiyo. Ua wa Aberdare ulianza 1989 kwa nia ya kuwalinda vifaru, ukaishia kuzunguka msitu na kukinga mashamba ya wakulima. Karibu kilomita 400. Lakini ulikamilika 2009. Hesabu mwenyewe: miaka 20, si muhula mmoja.

5/ Na waya si uchawi. Umeme wake huja kwa midundo mifupi: mnyama anapigwa shoti, hafi, anarudi. Nyasi zikigusa waya, nguvu inapungua. Betri ikiibiwa, imebaki kamba ya chuma tu. Isitoshe, ndovu hujifunza kukata waya kwa pembe, maana pembe haimpigi shoti.

6/ Mlima Kenya walifanya vingine. 2011 kilifunguliwa kivuko chini ya barabara ya Nanyuki–Meru. Ua hapo haumfungii ndovu, unamwongoza. Magari juu, ndovu chini. Na walipita kweli.

7/ SGR ilipoanza safari 2017, tuta lake la Tsavo lilikuwa na vivuko vya wanyama. Lakini lami iliyo ubavuni mwake haikujengewa vivuko kama hivyo. Yaani ndovu anapita salama chini ya treni, halafu anaibukia mbele ya lori!

8/ Kwangu mimi, fensi bila mlango inahamisha ajali tu, kutoka kwako hadi kwa jirani. Ukisikia ahadi hiyo tena, usipige makofi kwanza. Uliza: inaanza wapi, inaishia wapi? Wanyama watapitia wapi? Na mwaka wa nne, kura zikishasahaulika, nani atafyeka nyasi chini ya waya?

Mwisho wa uzi. Mnaoishi kando ya barabara hiyo, semeni nanyi.