Mlango wa Uhandisi Hapa Johannesburg



Kamati ya kitabu chetu imeniomba nieleze kwa ufupi historia ya elimu ya ufundi mjini Johannesburg, hasa kwa watoto wa kike. Nimekubali kwa furaha, kwa kuwa wengi wetu tulihamia hapa baada ya mwaka 1994, tukakuta milango imekwisha funguliwa.

Chuo Kikuu cha Witwatersrand, maarufu kwa jina la Wits, asili yake ni shule ya migodi iliyoanzishwa Kimberley mwaka 1896. Ilihamia hapa kwenye dhahabu mwaka 1904, ikawa chuo kikuu mwaka 1922. Lakini kanuni za migodi, zilizotiwa nguvu na sheria ya 1926, zilimnyima Mwafrika vyeti vya kazi za ujuzi. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953 ikampa mtoto wake shule duni. Ile ya 1959 ikamlazimu kupata idhini ya waziri kabla ya kuingia Wits. Wanawake nao, wa kila rangi, walikatazwa kuchimba chini ya ardhi hadi mwaka 1996.

Kumbe kufuta sheria peke yake hakutoshi. Hilo walilitambua mapema wahandisi wa ujenzi walioanzisha mpango wa PROTEC huko Soweto mwaka 1982, ubaguzi ukingali na nguvu. Hawakungoja kijana afike chuoni. Walimfuata angali shuleni, wakamfundisha hisabati, sayansi na Kiingereza siku za Jumamosi. Mwaka 2007 Wits nayo ilianza kuwaita wanafunzi hodari wa shule zenye shida wakae chuoni wakati wa likizo, wakijiandaa.

Wazazi wenzangu, hapo ndipo penye fundisho. Mtoto akifika darasa la kumi huchagua hisabati kamili au ile nyepesi ya matumizi. Akichukua nyepesi, uhandisi umempita, hata apate alama nzuri namna gani. Binti anayeachiwa jikoni na wadogo zake kila jioni, mara nyingi huishia kwenye ile nyepesi.

Basi napendekeza jumuiya yetu ianzishe masomo ya hisabati kila Jumamosi, na wasichana wapewe nafasi za mbele. Vijana wetu walioko vyuoni wawe walimu. Samaki mkunje angali mbichi.