Programu, orodha au daftari? Safari ya DHIS kutoka Cape Town

Serikali ya Nelson Mandela iliposhika madaraka mwaka 1994, ilirithi idara 14 za afya. Ubaguzi ulikuwa umemgawa hata mgonjwa: Wazungu na idara yao, Wahindi na ya kwao, kila bantustani, yaani eneo lililotengewa Weusi, na yake. Fomu nazo zilikuwa vurugu tupu, na ukijumlisha takwimu za idara hizo hupati picha ya nchi.

Watafiti wa Cape Town wakashirikiana na Jørn Braa wa Chuo Kikuu cha Oslo kuanzisha HISP, mradi wa mifumo ya taarifa za afya. Kabla ya kompyuta kulikuwa na vikao, vingi na virefu, vya kukubaliana orodha fupi ya takwimu ambazo kila kituo kingepeleka kila mwezi. Mwenye kuhudumia chanjo anataka zake, wa kifua kikuu zake, na hakuna anayetaka safu yake ifutwe. Programu yenyewe, DHIS, ilijengwa kwa Microsoft Access kulingana na makubaliano hayo.

Sasa, kilichoundwa hapo ni kipi hasa?

Wasomi wa mifumo ya habari wamelumbana juu ya swali hili kwa miaka mingi. Herbert Simon, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alisema kitu kilichoundwa na binadamu ni mpaka: ndani kuna muundo wake, nje kuna mazingira, na kinafaulu pale viwili hivyo vinapopatana. Mwaka 1995 Salvatore March na Gerald Smith walivigawa vitu hivyo makundi manne: dhana, modeli, mbinu, na mfumo unaofanya kazi. Kwa mgawanyo huo, orodha ya Cape Town ina hadhi sawa na programu.

Mwaka 2004 jarida la MIS Quarterly lilichapisha makala ya Alan Hevner na wenzake watatu, iliyoweka miongozo saba. Wa kwanza, utafiti wa usanifu lazima utoe kitu kilichoundwa. Mwaka huohuo, jarida hilohilo lilimpa nafasi Braa, pamoja na Eric Monteiro na Sundeep Sahay, kueleza kwamba mfumo wa afya uliojengwa mahali pamoja na kuachwa peke yake hufa, na kwamba uhai wake uko katika mtandao wa watu na vituo vinavyofundishana. Kwa maoni yangu makala hii ya pili ndiyo iliyoona mbali zaidi, ingawa ya kwanza ndiyo iliyogeuka msahafu wa wanafunzi wa uzamivu.

Kenya ilithibitisha hoja ya Simon. DHIS2, toleo la mtandaoni lililoanza kutumika Kerala, India, mwaka 2006, awali lilifikiriwa kufungwa kwenye kompyuta za wilaya moja moja. Lakini mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na modemu za simu zikaenea. Mwaka 2011 nchi nzima ikaingia kwenye seva moja. Programu ilikuwa ileile. Yaliyobadilika ni mazingira ya nje, na fundi hakulazimika tena kuzunguka wilaya hadi wilaya akibeba diski.

Tanzania ilieneza mfumo huo nchi nzima kufikia mwaka 2013, ila zahanati haikuacha kalamu. Muuguzi anapiga vijiti vinne, cha tano anakikata juu yake. Mwisho wa mwezi anajumlisha kutoka vitabu vya MTUHA, yaani daftari rasmi za takwimu za kituo, anajaza ripoti, na ripoti inakwenda wilayani kuingizwa kwenye skrini yenye fomu iliyopangwa kama ile ya karatasi. Kuongeza safu kwenye skrini ni kazi ya asubuhi moja. Kuiongeza kitabuni ni zabuni ya uchapaji, malori hadi vituo vya mbali, na semina za kuwaelekeza wauguzi, huku vitabu vya zamani vikiendelea kujazwa mpaka viishe.