Mafuriko ni nini? Historia fupi ya kusaka hukumu za bima kwa kompyuta

Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, tutazame historia ya kitu tunachokitumia kila siku bila kukifikiria: kisanduku cha kutafutia. Mfano wangu ni bima ya nyumba, kwa sababu huko neno moja laweza kumkosesha mtu paa.

Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga pwani ya Louisiana. Mjini New Orleans kuta na matuta ya mifereji yalibomoka, maji yakajaa majumbani. Wenye nyumba walipofungua hati zao za bima, walikuta kipengele kinachosema kampuni hailipi hasara ya "flood", yaani mafuriko. Wakauliza: tuta lililojengwa na binadamu likibomoka kwa kujengwa vibaya, hayo nayo ni mafuriko? Hati nyingi hazikueleza maana ya neno hilo. Basi kila wakili alikuwa na kazi moja: kutafuta kama kuna mahakama iliyowahi kuamua jambo kama hilo.

Zamani kazi hiyo ilifanywa vitabuni. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, wahariri wa kampuni ya West huko Minnesota walipanga hukumu kwa mada na namba. Ulikuwa mpango mzuri, lakini ilibidi ukisie mhariri aliiweka hukumu yako chini ya mada gani.

Aliyefungua njia nyingine ni John Horty wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Jimbo la Pennsylvania lilitaka kubadilisha msemo fulani kila mahali ulipotumika katika sheria zake za afya. Wanafunzi waliposoma sheria kwa macho, waliruka sehemu nyingi. Horty akaamua maandishi yote yapigwe kwenye kadi, kompyuta itafute yenyewe. Mwaka 1960 aliuonyesha mfumo wake mbele ya Chama cha Mawakili cha Marekani.

Mawakili wa Ohio walilipenda wazo hilo. Mradi wao uliangukia mikononi mwa kampuni ya Mead, na mwaka 1973 Lexis ikafunguliwa kwa wateja, ikiwa na sheria na hukumu kamili za Ohio na New York. West ilijibu kwa Westlaw mwaka 1975. Mwanzoni Westlaw iliweka muhtasari wa wahariri tu, hukumu kamili zikafuata baadaye.

Ndani yake mitambo hii inafanyaje kazi? Siri ni faharasa. Kompyuta huandika kila neno, na mbele yake orodha ya hukumu zenye neno hilo pamoja na mahali lilipo. Ndiyo maana wakili aliweza kuandika flood w/10 levee, akapata hukumu ambamo maneno hayo mawili hayakuachana kwa zaidi ya maneno kumi. Hakuna uchawi hapo, ni orodha mbili zinazolinganishwa.

Lakini faharasa hujua herufi, haijui maana. Mwaka 1985 David Blair na M. E. Maron walichapisha utafiti uliowashtua wengi. Mawakili waliokuwa wakijiandaa kwa kesi kubwa walitafuta katika nyaraka zipatazo 40,000 kwa mfumo wa IBM ulioitwa STAIRS. Waliamini wamepata angalau asilimia 75 ya nyaraka walizohitaji. Kwa wastani walikuwa wamepata asilimia 20 hivi. Sababu mojawapo ni kwamba watu wa upande mmoja hawakuiita ajali ajali: wengine waliandika "tukio", wengine "hali ya kusikitisha".

Sasa turudi kwa Katrina. Tarehe 15 Julai 1982, bwawa la Lawn Lake lilipasuka milimani Colorado, maji yakateremka hadi mji wa Estes Park. Wenye mali walidai bima kwa hoja ile ile: si mafuriko, ni bwawa lisilotunzwa. Mwaka 1989, katika kesi ya Kane dhidi ya Royal Insurance, Mahakama ya Juu ya Colorado ilisema ni mafuriko. Sasa angalia: hayo ni maji ya bwawa, si ya tuta la mfereji. Anayetafuta kwa neno "levee" peke yake anaweza kupitwa na hukumu hiyo, nayo ndiyo inayoweza kummaliza mahakamani.

Novemba 2006 jaji mmoja wa New Orleans aliona neno lile lina utata, na wenye nyumba wakapata matumaini. Agosti 2007 Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo, ikitaja pia kesi ya Kane. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Louisiana nayo ikaamua vivyo hivyo. Waliokuwa hawana bima ya pekee ya mafuriko walibaki na hasara yao.

Nasi Kenya tumeona maneno yakigeuka. Tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliua watu wengi Mai Mahiu. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kuwa ni njia ya maji chini ya tuta la reli iliyokuwa imeziba. Mtafiti wa kesho akiandika "bwawa" tu, atapata nusu ya habari. Bahati nzuri, hukumu zetu zinasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law, hivyo hata mwananchi asiye na wakili anaweza kujaribu.

Siku hizi kuna programu zinazotafuta kwa maana badala ya herufi, na zinasaidia. Lakini mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao, kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Faharasa ya zamani ilikuficha hukumu iliyokuwepo; hii mpya yaweza kukupa isiyokuwepo.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta, andika kwanza kwenye karatasi majina yote ambayo watu wengine wangeliita jambo lako, hasa wale wanaokupinga. Ukishapata hukumu, isome yote.

Tukutane wiki ijayo.