Waya wa Amri: Historia ya Kuziongoza Taa za Jukwaa

Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba alipofariki mwaka 1965, na hata Mbaraka Mwinshehe, aliyekuwa ameifikisha Morogoro Jazz kwenye maonesho ya Osaka ya mwaka 1970, alipotwaliwa na ajali ya gari huko Kenya mwezi wa Januari 1979, waya ambao leo huziongoza taa za majukwaa ulikuwa haujabuniwa popote duniani. Sifa ya mji wao wa Morogoro ilijengwa na magitaa na tarumbeta, kwa masikio kwanza. Macho yalingoja zamu yao.

Umeme ulitangulia. Kituo cha Kidatu, kilichoanza kuyageuza maji ya Ruaha Mkuu kuwa nguvu mwaka 1975, kilipeleka nyaya zake Dar es Salaam kwa kupitia Morogoro, na Msamvu, mjini humo, pana kituo cha kupozea umeme hata leo. Lakini nguvu ya kuiwasha taa ni jambo moja, na amri ya kuiambia iwake kiasi gani ni jambo jingine, nami hapa nakusudia kusimulia habari za amri.

Katika kumbi kubwa za Ulaya na Marekani, aghalabu kila kundi la taa lilikuwa na waya wake wa amri utokao mezani kwa fundi, wenye volti kati ya 0, ambayo ni giza, na 10, ambayo ni mwanga kamili. Basi makundi mia yalitaka nyaya mia. Makampuni yalipobuni, kila moja kwa njia yake, namna ya kuzipunguza, mitambo yao ikawa haisikilizani. Ndipo taasisi ya USITT ya Marekani ilipoweka, mwaka 1986, kanuni ya DMX512, ambayo kwayo jozi moja ya nyaya zilizosokotwa hubeba amri za chaneli 512, kila moja ikiwa na daraja kuanzia 0 hadi 255. Waya hutoka mezani ukaingia taa ya kwanza, ukatoka humo ukaingia ya pili, nayo ikaipokeza ya tatu. Kila chombo hupewa anwani, kikaziacha amri za wenziwe zipite, kikatii zilizo zake.

Msafiri atokaye Dar es Salaam hukuta barabara ikigawanyika Msamvu, mkono mmoja ukishika njia ya Dodoma na mwingine ya Iringa, na mgawanyiko huo ndio ulioleta hapo baraka ya biashara. Waya wa DMX, kinyume chake, hauvumilii njia panda. Ukigawiwa kwa kuunganishwa tu, amri hugonga ncha zilizo wazi na kurejea nyuma, zikachanganyika na zile zijazo, na taa zikapepesa bila sababu iliyo dhahiri. Alazimikaye kugawa sharti aweke chombo maalumu cha kugawia, na mwisho wa kila mnyororo, ambao hauchukui zaidi ya vyombo 32 vya kawaida, afunge kizuizi cha omu 120. Kipande hicho kidogo, kwa maoni yangu, ndicho kipimo cha adabu ya fundi, maadam ubaya wa kukiacha hauonekani kila siku.

Kanuni ilitaka plagi za pini 5, lakini watengenezaji wengi wakaweka za pini 3, zile zile za maikrofoni, na tangu hapo fundi hushawishika kuazima waya wa sauti, unaofanana na wa amri kwa sura tu, ilhali haukutengenezwa kwa mwendo wa tarakimu 250,000 kwa sekunde.

Mashine za moshi nazo zikaungwa katika mnyororo huo huo, na moshi ukitoka kabla ya wakati wake hauna madhara makubwa. Moto si hivyo. Msamvu inaujua: tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilishika moto hapo, na zaidi ya watu mia wakapoteza maisha. DMX512 hailazimishi chombo kuhakiki kwamba amri imefika salama, na kwa hiyo toleo lake la mwaka 2004 linatahadharisha lisitumike palipo na hatari. Fataki, miali ya moto na majukwaa yapandayo na kushuka sharti yawe na njia yake mbali, chini ya mtu anayepaona mahali pa hatari kwa macho yake, na ambaye mkono wake hauondoki kwenye swichi ya kukatia, hata kama kufanya hivyo kunaongeza gharama na kulichelewesha onesho.