Shule za darasa moja zilizojengwa kwa senti za wakulima wa pamba

LOACHAPOKA ni kijiji katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Mnamo 1913, wakazi weusi wa huko, ambao wazee wao walikuwa wamezaliwa utumwani, walikamilisha ujenzi wa shule ya mbao yenye mwalimu mmoja. Iligharimu takriban dola 942. Kati ya hizo, dola 300 zilitoka kwa Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago aliyeongoza kampuni ya biashara ya Sears, Roebuck. Zilizosalia zilichangwa na wenyeji, weusi kwa weupe. Asiyekuwa na fedha alitoa jasho lake.

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mojawapo ya harambee kubwa zaidi za elimu katika historia ya Marekani, ingawa neno harambee halikujulikana huko.

Wakati huo, sheria za ubaguzi wa rangi ziliwatenga wanafunzi weusi na weupe. Majimbo ya kusini yalitoza kodi kwa wote, lakini fungu la watoto weusi lilikuwa makombo. Wengi wao walisomea makanisani au katika vibanda vilivyovuja, tena kwa miezi michache tu, kwa kuwa msimu wa kuchuma pamba ulipowadia madarasa yalibaki matupu.

Wazo la kubadilisha hali hiyo lilikuwa la Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa mnamo 1856 na baadaye akaanzisha chuo cha Tuskegee. Mwaka wa 1912, Rosenwald alipotimiza umri wa miaka 50, alikipa chuo hicho dola 25,000. Washington aliomba sehemu ndogo ya fedha zilizobakia itumiwe kujenga shule sita za vijijini kwa majaribio. Rosenwald alikubali, kwa sharti kwamba wanakijiji nao wachangie.

Michoro ya awali iliandaliwa Tuskegee chini ya Robert R. Taylor, Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuhitimu katika taasisi ya teknolojia ya MIT. Vijiji vingi havikuwa na umeme, hivyo madirisha marefu yalipangwa upande mmoja ili mwanga wa jua umfikie mwanafunzi bila ya kivuli cha mkono wake kuangukia daftari. Hata shule ya mwalimu mmoja ilitengewa chumba kidogo cha kazi za mikono. Jioni na siku za mapumziko, jengo hilo hilo liligeuka ukumbi wa mikutano ya kijiji.

Michango ilipatikana kwa taabu. Wanawake waliuza kuku na vyakula. Katika baadhi ya vijiji, familia zilitenga kipande cha shamba la pamba ili mavuno yake yaende kwa shule. Huko Boligee, pia Alabama, mzee mmoja aliyewahi kuwa mtumwa alisimama mkutanoni na kumimina mezani akiba yake yote ya maisha, dola 38, ili vitukuu wake wapate nafasi ambayo yeye hakuipata.

Mpango huo ulipofikia kikomo mnamo 1932, mwaka aliofariki Rosenwald, majengo zaidi ya 5,300 yalikuwa yamejengwa katika majimbo 15, zikiwemo shule 4,977. Jumla ya gharama ilikuwa takriban dola milioni 28. Wananchi weusi walichanga karibu dola milioni 4.7, kiasi kilichozidi kidogo mchango wa tajiri mwenyewe. Sehemu kubwa zaidi ilitokana na kodi, ambayo watu hao hao walikuwa wameilipa. Kwa maneno mengine, walinunua mara mbili kile ambacho jirani zao weupe walikipata mara moja. Mara nyingi sifa zote humwendea Rosenwald, na hilo si haki.

Fikra za Tuskegee zilifika Kenya pia. Walimu wasimamizi waliojulikana kama walimu wa Jeanes, ambao walizunguka vijijini wakihimiza michango ya shule za Rosenwald, ndio waliokuwa kielelezo cha Shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete mnamo 1925, baada ya ziara ya tume ya Phelps-Stokes mwaka wa 1924. Hata hivyo, Waafrika wengi nchini waliishuku elimu iliyotilia mkazo kilimo na ufundi. Shule huru za Agikuyu, zilizoenea kuanzia miaka ya 1930, zilikuwa sehemu ya jibu lao.

Huko Marekani, Mahakama ya Juu iliharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma mnamo Mei 1954. Ushindi huo ulikuwa na uchungu wake: wanafunzi walipohamishiwa shule kubwa za pamoja, zile ndogo zilifungwa. Nyingine ziliuzwa, nyingine zikageuzwa maghala ya nyasi, na nyingi zikaoza. Takriban moja kati ya kila kumi ndiyo iliyosalia. Mnamo 2002, shirika la kitaifa la kuhifadhi majengo ya kihistoria liliziorodhesha miongoni mwa turathi zilizokuwa hatarini zaidi, na Januari 2021 sheria ikatiwa saini kuagiza uchunguzi iwapo baadhi yake zitafaa kuwa hifadhi ya taifa.

Nyingi ya zilizokarabatiwa zinatumika leo kama kumbi za jamii na makavazi madogo, na wanaozitunza mara nyingi ni wajukuu wa waliozijenga.